Fundi alisema kiti kiko sawa, mgongo wangu ukakataa

Wiki mbili zilizopita, nilipokuwa naandika habari za kubana matumizi ya Januari, niliweka mstari mmoja tu kwamba nyumbani kwetu tunahangaika na kiti cha gari kisichopata moto. Sikutegemea kwamba mstari huo ungeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Wasomaji wa Dar es Salaam na Tanga walinicheka: kiti cha moto cha kazi gani, wakati sisi huku tunatafuta kiti cha barafu? Lakini walioko Toronto, Oslo na hapa hapa Minnesota hawakucheka. Dada mmoja aliandika: "Ukipata jibu liandike gazetini, sisi wametugeuza gereji mara tatu." Basi leo naandika, na wa Tanga mnivumilie. Ndugu zangu wa Njombe na Makete najua wananielewa bila maelezo.

Kwanza kwa wale ambao hawajakutana nacho. Chini ya kitambaa au ngozi ya kiti kuna waya mwembamba uliozungushwa kama ule wa pasi ya umeme, ila huu ni mlaini na hautumii umeme wa nyumbani bali wa betri ya gari. Ukibonyeza kitufe, waya unapata moto, na baada ya dakika chache joto linapanda kwenye mapaja na mgongo. Wenzetu wa Sweden, kampuni ya Saab, walianza kuweka hita hizo kwenye magari yao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baridi ya kwao ndiyo hii hii ya kwetu. Baadhi ya magari yaliyotumika Japani na kuletwa bandari ya Dar es Salaam yanakuja na kitufe hicho. Kama una gari la namna hiyo na watoto wako wanakichezea mchana wa jua kali, sasa unajua kwa nini abiria anatoka jasho la mgongoni.

Mimi naondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, na kazi hiyo maana yake ni kuinua watu: kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, kutoka kwenye kiti kwenda bafuni. Mgongo wangu una miaka minne sasa haunitii. Asubuhi moja ya Januari hii kipimo kilisoma nyuzi 26 chini ya sifuri, na kiti cha gari kwenye baridi ya namna hiyo kinakuwa kama ubao. Ukikikalia, mgongo unajifunga kama ngumi. Ndiyo maana tulipotafuta gari niliomba jambo moja tu, kiti chenye moto. Rangi achague Baba Neema, redio achague Baba Neema.

Gari tulilipata kwa wauzaji wenyewe wa aina hiyo ya gari, likiwa na miaka miwili na kitu, na waranti ya kiwandani ikiwa bado inatembea. Waranti ya magari mengi huku inayofunika vitu kama viti ni miaka 3 au maili 36,000, chochote kitakachotangulia. Ile ndefu zaidi mnayoisikia kwenye matangazo kwa kawaida ni ya injini na giaboksi, haigusi kiti. Shikeni namba hiyo ya maili, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Mwanzoni mwa Januari niliona kiti changu kimekuwa dhaifu. Taa ya kitufe inawaka zote tatu, lakini joto ni la kubembeleza. Nikajilaumu. Labda ni koti, maana ninalovaa ni nene kama godoro la mtoto. Labda ni baridi ya mwaka huu. Labda ni umri. Baba Neema alipoendesha Jumapili kwenda kanisani nikamuuliza, akasema, "Mbona kiko sawa tu." Baba Neema hana mgongo mbovu, na kwa kawaida yake hata chai iliyopoa anasema iko sawa.

Nikapiga simu gereji ya waliotuuzia, nikapewa miadi ya saa nne asubuhi. Nilifika, nikamweleza kijana wa mapokezi kwamba kiti hakipati moto wa kutosha. Akaandika, wakaliingiza gari ndani, mimi nikakaa na kahawa yao. Baada ya saa moja na robo akarudi na karatasi na tabasamu. Fundi amekagua, kitufe kinafanya kazi, kiti kinapata joto, hakuna tatizo lililoonekana. "Ndivyo kilivyotengenezwa," akaniambia. Nilimshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, nikatoka na adabu zangu zote, nikaingia kwenye gari lililokuwa limekaa saa nzima ndani ya gereji yenye joto, na kweli kiti kilikuwa cha uvuguvugu.

Jioni nilimweleza mwenzangu. Akavua viatu taratibu, akasema, "Mama Neema, kiti ni kiti. Mimi nimesimama ndani ya basi kutoka Mwanza mpaka Bukoba na gunia la dagaa miguuni. Hawa watu wametupa gari, wametupa mkopo, wewe unataka wakupashe na makalio." Watoto walicheka mpaka maji yakawapalia. Mimi nilicheka pia, lakini usiku nililitafakari lile neno lake, wametupa. Hawakutupa. Gari tunalilipia kila tarehe 5, na bei ya ile hita imo ndani ya malipo hayo, senti kwa senti. Sisi tuliokuja huku tuna ugonjwa huu wa kujiona wageni sebuleni kwa watu. Ukiletewa chai isiyo na sukari unakunywa na kusema asante. Nimeona wenzangu wakilipishwa matengenezo ambayo waranti ilipaswa kulipa, kwa sababu tu waliogopa kuuliza swali la pili.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Kikenya tunayefanya naye kazi zamu moja, ambaye ujana wake wote alikuwa fundi umeme wa magari Nakuru. Nilimlalamikia wakati wa chai. Hakuniuliza joto likoje. Aliniuliza, "Kiti cha abiria je?" Nikamwambia sijui, sijawahi kukikalia. Akaweka kikombe chini, akasema, "Mama, unalinganisha kiti chako na nini, na kumbukumbu?"

Akanipa darasa la dakika kumi na tano ambalo nawapa ninyi. Kwanza, injini iwe inawaka, si swichi tu. Hita ya kiti inakula umeme mwingi, na gari nyingi za sasa zikiona betri imechoka zinaipunguzia au kuizima zenyewe, tena asubuhi za baridi kali ndipo betri inapochoka zaidi. Kwa hiyo kama viti vyote viwili ni dhaifu, anza na betri na fyuzi kabla ya kumlaumu mtu. Pili, toa kava la kiti kama umeweka. Kava nene, ngozi ya kondoo, mto wa mgongo, vyote hivyo vinakaa kati ya moto na wewe. Koti vilevile. (Na tukiwa hapo hapo: madaktari wa watoto wa huku wanasisitiza mtoto asifungwe kwenye kiti chake akiwa na koti nene, maana gari likigonga koti linabonyea na mkanda unabaki umelegea. Mfunge kwanza, koti mfunike juu.) Tatu, magari mengi yanajishusha yenyewe kutoka moto mkubwa hadi wa kati baada ya dakika kadhaa, na hilo si ubovu, soma kitabu cha gari lako uone lako linashuka baada ya muda gani.

Baada ya hapo ndipo unapima. Gari lilale nje usiku kucha. Asubuhi liwashe, bonyeza viti vyote viwili vya mbele kwenye moto wa mwisho kwa wakati mmoja, asikae mtu. Ngoja dakika kumi. Kisha pima kwa kile kipimajoto cha kuelekezea mfano wa bastola, kile wanachouza kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Pima sehemu nne: kikalio na egemeo la dereva, kikalio na egemeo la abiria. Andika. Piga picha kipimo kikiwa kinaonyesha namba.

Nilifanya hivyo Jumamosi, Neema akiwa karani wangu na daftari lake la hesabu. Egemeo la abiria nyuzi 38, kikalio cha abiria 39. Egemeo langu 37. Kikalio changu: 6. Neema aliniangalia akidhani amesikia vibaya. Tukapima tena. Sita. Yaani kikalio kilikuwa kimekufa kabisa, nusu ya kiti ilikuwa inafanya kazi ya kiti kizima, na uvuguvugu niliokuwa nausikia chini ulikuwa wa mwili wangu mwenyewe. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini fundi wa gereji aliona kila kitu kiko sawa. Aliingia kwenye gari lililokwisha pata joto, akabonyeza, taa ikawaka, akaweka mkono kwenye egemeo, pakawa moto. Basi.

Mzee alipoona namba zile alitikisa kichwa na kunieleza kinachotokea. Kwenye magari mengine waya wa kikalio na wa egemeo umeunganishwa mmoja nyuma ya mwingine, ukikatika popote kiti chote kinakufa na mgonjwa anaonekana mara moja. Kwenye mengine kila sehemu ina njia yake ya umeme, na hapo ndipo kiti kinakuwa "dhaifu" badala ya kufa, na mwenye gari anahangaika kueleza. Dereva ndiye anayekalia zaidi, kwa hiyo kikalio cha dereva ndicho kinachotangulia. "Na goti," akaongeza. "Kuna mtu anapiga goti kwenye hicho kiti?"

Nilikaa kimya kidogo. Kila asubuhi ya theluji mimi hufungua mlango wa dereva, naweka goti la kushoto kwenye kiti, najinyoosha mpaka nyuma kuchukua brashi ya kukwangulia barafu. Uzito wote wa Mama Neema, ambao sitautaja gazetini, juu ya nukta moja ya waya mwembamba. Nilienda kusoma kitabu cha gari. Kimeandika wazi, na kialama cha pembetatu: usipige goti, usiweke vitu vizito vyenye ncha.

Hapo nikaingia kwenye mtihani wa pili. Baba Neema, ambaye sasa baada ya kuona nyuzi 6 alikuwa amegeuka mwanaharakati, alisema tusiseme habari za goti. Mimi niliona wakiniuliza nitajibu, wasiponiuliza sina sababu ya kuanza na toba. Hatukukubaliana, tukalala tumepeana migongo, wangu ukiuma.

Geji ilikuwa inasoma maili 35,610. Kwa safari zangu za kazini nilikuwa na wiki mbili na nusu hivi kabla ya 36,000.

Mzee alinikanya pia kuhusu maneno ya kutumia, na hili ndilo kubwa katika barua yangu ya leo. Usiende kusema "kiti hakipati moto wa kutosha." Kutosha ni kwa nani? Hilo ni lalamiko, na lalamiko linajibiwa kwa "ndivyo kilivyotengenezwa." Sema kitu ambacho fundi anaweza kukipima na kukikuta: kikalio cha dereva hakipati joto, egemeo linapata, upande wa abiria vyote viwili vinapata, gari likiwa limelala nje, injini ikiwaka, baada ya dakika kumi. Kisha hakikisha maneno hayo yameandikwa kwenye karatasi ya kazi kama ulivyosema, kabla hujaweka saini. Omba gari lilale kwao nje, walipime asubuhi likiwa baridi. Na uliza kwa upole kama unaweza kukaa na fundi dakika tano ndani ya gari. Wakikataa hujapoteza kitu.

Alinieleza na upande wa pili wa kaunta, maana amefanya kazi huko. Mafundi wengi wa gereji hizi hawalipwi kwa saa wanazokaa kazini, wanalipwa kwa kazi, na kila kazi ina muda wake uliopangwa. Kubadilisha breki kuna malipo yanayoeleweka. Kumtafuta mwizi wa joto ndani ya kiti, kwa bei ya waranti inayolipwa na kiwanda, kunaweza kumlia asubuhi nzima kwa malipo ya dakika ishirini. Si mtu mbaya. Ukimletea mahali pa kuanzia unamsaidia na yeye kula.

Nikarudi. Kijana ni yule yule. Nilimsalimia, nikampa karatasi yangu yenye namba nne na picha, nikaomba aandike maneno yangu. Aliandika kwa kidole kimoja, nikasubiri. Kisha akaangalia kompyuta yake akasema anaona oili hatujawahi kubadilishia pale, na hilo linaweza kuleta shida kwenye waranti. Hapa nisingekuwa nimejiandaa ningetetemeka. Marekani ina sheria ya tangu mwaka 1975, inaitwa Magnuson-Moss, ambayo haimruhusu mtengenezaji kukunyima waranti kwa sababu tu ulifanya matengenezo ya kawaida kwa fundi mwingine. Kukukatalia anaweza, lakini pale tu kazi hiyo nyingine ndiyo iliyoleta ubovu. Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Oili inahusikaje na kiti?" Akacheka mwenyewe. Risiti zangu zote za oili zilikuwa kwenye bahasha, lakini hakuzitaka.

Gari lililala kwao. Kesho yake saa tatu fundi mwenyewe alinipigia. Alikuwa ameweka mita kwenye waya za kikalio, akakuta njia imekatika, umeme hauwezi kupita. Kisha akauliza, kama nilivyojua atauliza: kuna mtu anapiga goti? Nikamwambia ukweli, brashi na yote. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kila mtu hapa Minnesota anapiga goti, mama. Tafuta pa kuweka hiyo brashi." Aliandika: waya wa kikalio umekatika, badilisha. Hakuandika goti. Baba Neema mpaka leo anasema bahati; mimi nasema tulikutana na mtu.

Lakini kifaa hakikuwepo. Kinaagizwa, wiki tatu.

Wiki tatu zikapita, maili nazo. Nilipoitwa, geji ilisoma 36,180. Kwenye kaunta alikuwepo dada mwingine, hanijui simjui. Akaangalia skrini akaniambia waranti imekwisha, kazi hiyo ni dola 780, niendelee? Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mkoba. Nilitoa karatasi mbili: ile ya kwanza waliyosema hakuna tatizo, na ya pili yenye tarehe, maili 35,610, na maneno ya fundi kwamba waya umekatika. Ubovu uliripotiwa na kuonekana ndani ya waranti. Kuchelewa kwa kifaa si kosa langu. Alisoma, akaenda nyuma, akakaa huko dakika saba. Nilizihesabu. Akarudi na meneja wa huduma, mama mtu mzima, ambaye alisoma karatasi mara moja tu na kusema, "Hii ni yetu."

Sikulipa kitu. Ningekuwa nimetupa ile karatasi ya kwanza kwa hasira, kama nilivyokaribia kufanya, bado ya pili ingenitosha. Ningekuwa sina zote mbili, ningelipa au ningeendelea kukalia ubao. Na kama meneja angekataa, hatua iliyofuata ilikuwa simu ya kiwanda chenyewe, ambayo namba yake imo ndani ya kitabu cha gari. Wengi hatujui kwamba muuzaji na mtengenezaji ni kampuni mbili tofauti. Muuzaji akikugomea, unampigia mtengenezaji, unaomba wafungue faili, unapewa namba ya faili, na unarudi kwa muuzaji na namba hiyo.

Dada yangu uliyegeuzwa mara tatu, natumaini karatasi hizo tatu unazo. Angalia pia tovuti ya NHTSA, taasisi ya serikali inayosimamia usalama wa magari huku. Ukiingiza aina ya gari na mwaka wake utaona barua ambazo viwanda vinawaandikia mafundi wao kuhusu ubovu unaojirudia. Ukiikuta ya kiti cha gari lako, ichapishe uende nayo. Na shemeji yangu usiyetajwa jina, uliyeniandikia kwamba unataka kufungua kiti mwenyewe: tafadhali usiguse plagi ya manjano iliyo chini ya kiti. Hiyo kwa kawaida ni ya mfuko wa hewa unaofumuka gari likigongwa, na unaweza kukufumukia wewe.

Kuna barua moja niliiweka mwisho kwa sababu inagusa nyumbani kwangu. Msomaji wa Ontario anauliza kama kiti cha moto kinamfaa baba yake mwenye kisukari. Mwaka jana, siku tulipompokea mama mkwe uwanja wa ndege, Baba Neema kwa mapenzi yake alimwashia kiti cha abiria moto wa mwisho bila kumwambia. Mama alinyamaza njia nzima. Tukamwonyesha mto Mississippi, akaitikia kwa kichwa. Tukamwuliza habari za Muleba, akajibu kwa neno moja. Tulipofika alikataa kushuka mpaka mwanawe aingie ndani, kisha akanishika mkono akaninong'oneza, "Mama Neema, nisaidie mwanangu, nadhani nimejikojolea." Nilipoweka mkono kwenye kiti nikaelewa, nikacheka mpaka nikakaa kwenye theluji.

Kilichonitoa kicheko ni jioni, nilipomsaidia kubadili nguo. Nyuma ya paja palikuwa pekundu, na yeye hakusikia chochote kwenye ngozi ile, kwa sababu sukari imemla hisia za miguu tangu miaka mingi. Joto lile alilisikia juu, chini hakusikia. Madaktari wa majeraha ya moto wameandika habari za watu waliopooza au waliopoteza hisia ambao waliungua vibaya kwenye viti hivi, kwa sababu hakuna maumivu ya kuwaambia wainuke. Kwa hiyo msomaji wangu wa Ontario, mzee mwashie hewa ya moto ya gari, mfunike blanketi, kiti kiacheni kimezimwa, na kama gari lenu linakumbuka mpangilio wa jana na kukiwasha lenyewe, angalieni kitufe kila mnapoondoka.

Mama anakuja tena Machi. Brashi ya barafu sasa inakaa mlangoni upande wa dereva, na Neema amebandika karatasi juu ya kitufe cha abiria, kwa mwandiko wake mkubwa: BIBI, USIGUSE.